Nisemee kwa tajiri

Oya Mudi, mambo vipi? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tupo, mama mkubwa anakusalimia. Najua nimekaa kimya sana, meseji zako nilikuwa naziona ila mtu umelala unaangalia bati tu, unajibu nini sasa.

Nina shida moja. Kipara kaniambia tajiri wako ana bajaji zimepaki anatafuta madereva wa mkataba. Nataka moja. Usicheke kwanza, soma.

Mguu uliokatwa ni wa kushoto, chini ya goti. Pikipiki ya Boxer ndo siwezi tena maana gia unapiga kwa mguu wa kushoto, na huu wa bandia haujui umekanyaga gia au hewa. Lakini bajaji gia iko mkononi, klachi mkononi, mguuni breki tu, tena ya kulia. Wa kulia ninao mzima na kucha zake zote. Sasa kinanishinda nini? Ila ukimtajia mtu mguu wa bandia tu anaona chombo chake kishaingia mtaroni. Kuna mmoja hapa Rangi Tatu alinikodolea suruali weee, akasema atanipigia. Mpaka leo.

Mguu wenyewe nauzoea. Fundi wake kasomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, alinieleza kigutu kinasinyaa taratibu, kile kikombe cha juu kinapwaya, basi naongeza soksi, asubuhi moja, jioni naweza kuwa nazo tatu. Jua likiwaka ni balaa, jasho linajaa humo ndani ngozi inachubuka. Na usiku vidole ambavyo havipo vinawasha! Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, akanifundisha kuweka kioo katikati ya miguu nicheze huu mzima huku naangalia kioo, eti ubongo utulie. Zainabu alinikuta hivyo akajua nishachanganyikiwa. Inasaidia lakini, kidogo.

Kukaa ndo kunaniua. Zainabu anauza vitumbua ndo tunakula, mimi nahesabu mafuso yanayopita. Kijiweni walinichangia, sijasahau, ila utaishi kwa michango mpaka lini, halafu Salumu akinitambulisha kwa mtu anasema huyu ndo yule aliyekatwa mguu, kama vile sikuwahi kuwa na jina, aah, tuyaache.

Mwambie tajiri anijaribu. Apande nyuma yeye mwenyewe tutoke Tandika mpaka Temeke saa ya foleni aone. Hesabu nitapeleka kama wengine, sitaki ya huruma.

Kwani hesabu siku hizi bei gani? Na mkataba wake miezi mingapi? Bajaji zenyewe za kuwasha kwa swichi au zile za kizamani za kuvuta mkono? Akitaka mdhamini utasimama? Nije mwenyewe au umuandae kwanza, maana mguu nitamwonesha, sifichi. Na ile kesi ya kiwanja chako imeishia wapi?

Nijibu leo basi, hata voisi.

Juma