Barua ya wazi kwa madereva vijana wanaoanza safari za Kongo

Wanangu,

Nimepata habari kwamba baadhi yenu, mliokuwa utingo mpaka juzi, sasa mmekabidhiwa funguo, na kwamba muda si mrefu mtapakia bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi na Kolwezi. Hongereni sana. Mimi usukani nimeuacha kwa sababu ya macho, kwa hiyo siwaandikii kwa kutafuta nafasi wala kwa kumsemea tajiri yeyote.

Habari za barabara mmekwisha kuzisikia: mteremko wa Kitonga, wanyama wa Mikumi, ukungu wa Mbeya. Ni kweli zote, nami sitazirudia. Ambalo sijamsikia mtu akiwaambia ni kwamba kazi hii, mkiihesabu kwa siku, sehemu yake kubwa ni kusubiri. Mtasubiri kupakia, mtasubiri mizani, mtasubiri Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, mtasubiri Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, mtasubiri kupakua, kisha mtasubiri shaba ya kurudi nayo. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde ya upande wa Zambia, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilijengwa ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, lakini mpaka leo mtandao ukikatika au karatasi moja ya mzigo ikikosewa namba, mnalala hapo hapo. Wengi niliowaona wakiharibikiwa katika kazi hii waliharibikia kwenye foleni, gari likiwa limezimwa.

Tuanze na fedha. Matajiri wengi hutoa posho kwa safari, si kwa siku, na posho hiyo haiongezeki kwa kuwa Kasumbalesa imejaa. Kijana huondoka Dar mfuko umejaa, akala kuku Ruaha Mbuyuni na Makambako, akafika mpakani akiwa na noti chache, na foleni ndiyo kwanza inaanza. Hapo ndipo anapoanza kuyaangalia mafuta ya tajiri, na mnunuzi wa mafuta hayuko mbali. Yeye huijua njaa ya dereva kabla dereva hajaisema. Basi, siku mnayopokea posho, igaweni kabla hamjawasha gari: ya nyumbani itumwe siku hiyo hiyo, ya mpakani ifungwe mbali na ya njiani. Kila gari liwe na jiko, sufuria, unga na dagaa, mpike wenyewe kando ya tela. Wanaowacheka wapishi siku ya kwanza huja kuomba ugali siku ya nne.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nami nitalisema bila kuficha kwa kuwa umri wangu unaniruhusu. Siku nyingi bila kazi, mbali na nyumbani, huzaa nyumba ndogo. Nakonde, Kapiri Mposhi, Chililabombwe, kote huko Zambia wapo wenzetu walioanza kwa kuombwa chai tu na leo wanalea watoto wa nchi mbili kwa posho ile ile moja. Siwahubirii, nawaambia hesabu yake. Na mwenye kushindwa, asiache kondomu, apime afya yake, na asimpelekee mkewe ugonjwa kwa kuona haya kumwambia ukweli. Mkeo mwambie tangu mwanzo kwamba safari inaweza kuchukua wiki tatu, na inaweza kupitiliza mwezi. Usimwahidi tarehe. Mtoto akiahidiwa Jumamosi, nawe Jumamosi hiyo uko Chingola, ni mama yake anayebaki kutafuta maneno ya kumwambia, na akiyatafuta mara nyingi huchoka. Mpigie simu hata siku usiyokuwa na la kusema.

Mnapoachiwa baada ya kukaa sana, ogopeni haraka yenu wenyewe. Mkivuka Kasumbalesa mtahamia upande wa kulia wa barabara, na usukani wenu uko kulia vilevile. Ukitaka kulipita gari lililo mbele, huoni kinachokuja mpaka kichwa cha gari lako karibu chote kimeshatoka. Wenzetu wametoka hapo na hasira ya siku nyingi za foleni, wakitaka kuzifidia kwa saa moja. Hazifidiwi. Kaa nyuma ya gari la mbele, na kama una utingo, macho yake ya kushoto yana thamani kuliko honi yako.

Mwisho, kabla ya kuondoka, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba uandikwe iwapo mfanyakazi atafanya kazi nje ya Tanzania. Soma humo nani analipa siku za foleni, nani anakutibu ukiugulia Likasi, na nani anakurudisha gari likifa. Tajiri akisema mtaandikishana ukirudi, mwombe kwa adabu muandikishane sasa. Chanjo ya homa ya manjano nayo chanjeni mapema, maana cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na ofisa wa mpakani hakubali maelezo badala ya kadi. Mkifika Nakonde, rudisheni saa nyuma kwa saa moja, ili msikose muda wa wakala wa forodha.

Ni mimi mzee wenu,
dereva mstaafu, Mbeya.