Mnunuzi wa vyuma chakavu naye aulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie biashara ya vyuma chakavu huku kwetu Ngara, mpakani. Ndiyo inayowatia watoto wetu mabomu mikononi, na sijasikia ikiguswa inavyostahili.

Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani hapa, bomu la kutupwa kwa mkono liliwalipukia wanafunzi. Watoto 5 walikufa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Aliyelileta alikuwa ameliokota, na machoni pake kilikuwa chuma cha kuuza. Hakuwa mtundu wala mjinga. Alikuwa anajua bei.

Mnunuzi anayepita vijijini huja na pikipiki, gunia na mizani ya kuning'iniza. Haulizi kitu kimetoka wapi. Sufuria lililotoboka, jembe lililokwisha na springi ya gari vyote vinaingia gunia moja, mtoto anaondoka na hela ya andazi au daftari. Kitu kidogo chenye kutu lakini kizito kinamvutia kuliko sufuria, maana ameshaona mizani inalipa uzito.

Tumepakana na Burundi na Rwanda. Vita ya Burundi iliyoanza 1993 na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 vilituletea mamia ya maelfu ya wakimbizi, na silaha nazo zikavuka. Kaskazini mwa mkoa wetu, Vita ya Kagera ya 1978-79 ilipita Kyaka na Mutukula. Majirani wameshatangaza kwamba wamemaliza kutegua mabomu ya ardhini: Rwanda 2009, Burundi 2011, Uganda 2012. Nawapongeza, ila tangazo hilo lina mpaka wake. Mkataba wa Ottawa wa 1997 unahusu mabomu yanayotegwa ardhini ili kuua watu, basi. Bomu la mkono lililodondoshwa na mpiganaji akikimbia, au kombora la mota lililozama kwenye tope bila kulipuka, halimo katika hesabu hiyo. Nchi hutangazwa safi, na bado mtoto akafa.

Tena wapo wanaodhani bomu likikaa ardhini miaka 20 au 30 limeshakufa. Kutu hula ganda, pini na springi. Baruti iliyomo ndani hudumu. Pini iliyokuwa ikizuia haiaminiki tena, na nyundo ya mtoto anayetaka kubandua kipande cha shaba inatosha kabisa. Wakazi wa Mbagala (2009) na Gongo la Mboto (2011) walipata somo hili pale maghala ya jeshi yalipolipuka na makombora kutua majumbani mwao. Waliambiwa wasiguse kitu, wanajeshi wakapita kukusanya. Sisi hatuna mlipuko mkubwa wa kuwaleta wanajeshi. Yetu yanafukuliwa na mvua na jembe, moja moja, mwaka hadi mwaka.

Najua kuna watakaosema: si tuna panya wa Morogoro? Kweli tunao. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo panya buku wanafundishwa kunusa baruti, na wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Panya hababaishwi na misumari na vizibo vya soda kama kifaa cha kusaka chuma. Yeye hufuata harufu ya baruti tu. Lakini panya hupelekwa penye uwanja unaoshukiwa, ukapimwa na kugawanywa kwa kamba. Bomu moja lililolala kwenye shamba la mihogo, ambalo hakuna anayelijua, panya utampeleka wapi? Linaloniuma ni kwamba utaalamu huo tunao nyumbani na dunia inautafuta, ilhali katika shule nilizofundisha sikuwahi kuona hata picha ya bomu la mkono ukutani.

Kwa hiyo nianze na mnunuzi. Leseni ya vyuma chakavu iwe na sharti: marufuku kununua kwa mtoto, na kitu chochote cha kijeshi kitakachokutwa kwenye yadi kiripotiwe, asiyeripoti anyang'anywe leseni. Mtoto akijua hakuna wa kumuuzia, hana sababu ya kukibeba.

Halafu polisi. Mkulima akikuta bomu shambani huwaza mara mbili: akienda kituoni ataulizwa amelitoa wapi, nani mwingine anayo, pengine alale ndani. Basi analifukia upya, au analitosa chooni. Kampeni za kusalimisha silaha kwa hiari huja na tarehe ya mwisho. Je, jembe likigonga bomu wiki moja baadaye? Msamaha kwa anayeripoti uwe wa mwaka mzima, na asilibebe kulipeleka kokote. Aliache palepale, aweke matawi ya kuonya wapita njia, amwambie mwenyekiti wa kitongoji.

Na mwenyekiti huyo apewe namba ya simu ya kupiga. Kwa sasa ukimuuliza atakutajia ya mtendaji wa kata, ambaye naye atakuuliza kama una ya mtu wa wilayani.

Mwalimu mstaafu,
Ngara, Kagera