Wachoraji wetu, msiishie usoni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu picha za watu waliofanya makubwa, hizi tunazozitundika maofisini na mashuleni na ninyi mnazozichapa kila wiki. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, nimefundisha sekondari mkoani Tanga hadi kustaafu. Ombi langu ni kwamba watu hawa wachorwe na mikono yao. Na pale mikono inapobeba habari kuliko uso, basi ichorwe mikono peke yake.

Picha zetu karibu zote zinaishia kifuani. Uso, tai au kitenge, tabasamu, basi. Daktari bingwa aliyetundikwa ukutani huwezi kumtofautisha na meneja wa benki. Mtoto wa kidato cha kwanza anasoma jina lililoandikwa chini, anapita zake. Hakuna kinachomwambia mtu huyu alikuwa akishika nini kila siku ya Mungu.

Mwaka 1978 mchongaji mashuhuri wa Uingereza, Henry Moore, alichora mikono ya mkemia Dorothy Hodgkin. Moore alikuwa ametimiza miaka 80 mwaka huo, na mama huyo alikuwa na 68. Uso hakuugusa. Alichora mikono, na mmoja wa michoro hiyo unatunzwa na Royal Society ya London, chama cha wanasayansi ambacho Dorothy alikuwa mwanachama wake tangu 1947. Mimi nimeuona kwenye simu tu, nikaukuza mpaka kioo kikajaa kidole kimoja. Vifundo vimevimba. Vidole havikunyooka, vimelala upande mmoja kuelekea kidole cha mwisho, kama kawaida ya mtu aliyeishi na baridi yabisi miaka mingi. Mchoraji hakunyoosha kitu. Hakupunguza uvimbe wala hakufunika kifundo kwa kivuli cha heshima. Na bado ukiitazama ile mikono huoni ugonjwa kwanza. Unaona mikono inayojua kazi.

Ilijua kweli. Kazi ya Dorothy ilikuwa kutafuta atomu zimepangikaje ndani ya molekuli. Unachukua fuwele ndogo, mara nyingi ndogo kuliko punje ya chumvi, unaisimamisha mahali pake bila kuivunja, kisha unaipitishia miale ya eksirei. Miale inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Unapima ukali wa kila doa, mamia kwa mamia, unapiga hesabu ndefu, mpaka upate ramani ya mahali ilipo kila atomu. Kwa njia hiyo alipata umbo la penisilini mwaka 1945, la vitamini B12 katikati ya miaka ya 1950, na la insulini mwaka 1969. Fuwele ya insulini aliipiga eksirei kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Wanafunzi wangu waliokuwa wakikata tamaa baada ya wiki moja ya hesabu za moli niliwaandikia miaka hiyo miwili ubaoni, nikawaachia watoe wenyewe.

Baridi yabisi ilimpata akiwa na miaka 24, kabla ya karibu yote haya. Kuna wakati swichi kuu ya mtambo wa eksirei ilimshinda kuisukuma, akatengenezewa wenzo mrefu wa kuiwashia, akaendelea. Fuwele zile alizishika kwa vidole vilivyokuwa vinauma.

Huyu mama alizaliwa Cairo mwaka 1910. Habari ya kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1964, peke yake bila kugawana na mtu, ilimkuta Ghana, ambako mume wake aliongoza taasisi ya taaluma za Afrika kwenye chuo kikuu cha nchi hiyo. Hadi leo ndiye mwanamke pekee wa Uingereza mwenye Nobel ya sayansi. Na gazeti moja la kwao likatoa kichwa cha habari kwamba mama wa nyumbani wa Oxford ameshinda Nobel! Mhariri, naitaja habari hiyo kwako kwa makusudi. Aliyeandika kichwa kile aliona mama mpole wa makamo, mke wa mtu, mama wa watoto watatu. Angeweka mbele yake ile mikono, na akauliza imefanya nini mpaka ikawa vile, asingeandika alichoandika.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu baridi yabisi ninayo na mimi. Asubuhi vidole vyangu vya mkono wa kulia havikunjuki mpaka nivitumbukize kwenye maji ya moto. Miaka yangu ya mwisho kazini sikuweza kubana chaki, kwa hiyo nilikata kipande cha mpira wa kichomeo cha Bunsen, nikachomeka chaki humo, nikapata kitu kinene cha kushika kwa kiganja kizima. Koki ya bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, nilifungua kwa ubavu wa kidole gumba. Wanafunzi walizoea, na titresheni zao, yaani vipimo vya asidi tone kwa tone, zilitoka vizuri.

Basi ikaja siku shule ikaita mpiga picha atupige walimu wote kwa ajili ya ukuta wa ofisi. Ilipofika zamu yangu akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, mikono shusha chini ya meza, itaharibu picha." Nikashusha. Hakuna mwenzangu hata mmoja aliyeona ubaya. Picha hiyo ipo ukutani mpaka sasa, na ndani yake kuna mwalimu wa kemia asiye na mikono. Kila kitu nilichowafundisha watoto wale, kuanzia kuwasha moto hadi kupima tone la asidi, nilikifanya kwa hiyo mikono iliyokuwa chini ya meza.

Moore hakumwambia Dorothy ashushe mikono. Nadhani sababu yake inajulikana. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Castleford, Yorkshire, na mama yake alisumbuliwa na baridi yabisi mgongoni. Yeye, akiwa mvulana mdogo, ndiye aliyekuwa akimchua kwa dawa. Ukubwani alisimulia kwamba alipokuwa akichonga sanamu ya mwanamke mtu mzima aliyeketi, mgongo ule ulimrudia. Mtu aliyegusa maumivu ya mama yake kwa viganja vyake mwenyewe hawezi kuogopa kifundo kilichovimba.

Miaka saba baada ya Moore, yaani 1985, Maggi Hambling akamchora Dorothy kwa rangi ya mafuta, picha iliyoagizwa na National Portrait Gallery ya London. Mama ameketi mezani kwake katikati ya makaratasi, nywele zake nyeupe zimetimka, na mbele yake kuna mfano wa molekuli ya insulini. Ana mikono minne, na yote ina shughuli. Vijana wa mtaani ninaowafundisha twisheni jioni niliwaonyesha picha hiyo. Walicheka kwanza. Halafu wakaanza kubishana mkono upi umeanza kazi na upi umeingilia, na kutoka hapo wakataka kujua zile duara na vijiti vya mbele ni nini. Somo la protini, maana insulini ni protini, lilianza lenyewe, sikuhitaji kulianzisha.

Mjukuu wangu naye ana sababu ya kuipenda picha hiyo. Ana kisukari kile cha kuchoma insulini, kilichompata angali mdogo. Umeme kwetu hukatika, kwa hiyo vichupa vyake tunavihifadhi ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa, katikati tumejaza mchanga ambao tunaulowesha maji asubuhi na jioni. Kabla hajala mimi ndiye ninayemchoma. Nabana bomba la sindano kati ya kidole cha shahada na cha kati kwa sababu kile gumba hakina nguvu, navuta dawa mpaka kwenye mstari, nagonga kwa ukucha povu lipande, nalisukuma litoke. Nilipomwonyesha mchoro wa Moore aliuangalia, akaniangalia mkono, akauliza, "Bibi, na yeye alikuwa anachoma watu sindano?" Nikamweleza kwamba insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, si na mama huyu, ila yeye ndiye aliyeonyesha ilivyojengwa, na kwamba kujua ilivyojengwa kumewasaidia waliokuja kutengeneza insulini za kisasa. Jina la Dorothy amelishika. Picha ya uso wake niliwahi kumwonyesha kabla ya hapo na hakuuliza chochote.

Sasa nirudi kwetu. Hatuwezi kusema jambo hili ni la Wazungu. Picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964 kila Mtanzania anaifahamu, na tunachokikumbuka pale ni mikono inayomimina. Profesa Wangari Maathai, ambaye vuguvugu lake la kupanda miti Kenya lilianza mwaka 1977 kwa miche saba tu, hakuna anayemkumbuka bila udongo vidoleni. Lakini hizo ni kamera, zilikuwepo kwa bahati wakati mikono inafanya kazi. Mchoraji anayekaa na mtu saa mbili, akamwambia naomba uweke mkono hapa mezani nikuangalie, huyo bado simwoni.

Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Uso wake tunao wa kutosha, mikunjo yote tunayo. Viganja vilivyopiga ngoma za unyago na kuwapaka hina maharusi wa Unguja miaka na miaka, mimi sijaviona vimechorwa peke yake, na sasa vimeondoka. Nani atatuambia vilikuwaje? Ngozi ya mpiga ngoma ina sugu mahali ambapo ngozi ya mtu mwingine haina. Hilo ni jambo la kuandikwa, na kalamu ya kuliandika ni ya mchoraji.

Na si wenye majina tu. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Wajerumani waliuleta mkonge huku mwaka 1893 na mkoa huu ukajengwa juu yake. Jani la mkonge lina mwiba nchani, mkataji anaanza kwa kuukata huo mwiba asije akachomwa jicho, na utomvu wake unawasha ngozi mpaka mtu analala ameviweka viganja kwenye maji. Viganja vya baba vilikuwa na makovu meupe yaliyopita kila upande. Kwangu mimi yule ni mtu aliyefanya makubwa, maana ada yangu ya shule ilitoka humo. Katika majengo yote ya umma niliyoingia mkoani humu nimekuta picha za viongozi. Mkono wa mkata mkonge sijaukuta.

Wachoraji tunao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za dukani juu ya vibao vya hadibodi, akafariki 1972, na ndani ya muda huo mfupi akaacha wanafunzi ambao kazi yao inaendelea hadi leo. Mtu anayeweza kupanga madoa ya chui mmoja mmoja kwa brashi ile nyembamba hawezi kushindwa na mishipa ya mkono wa mkunga. Wanachora tembo na ndege kwa sababu ndicho wateja wanachonunua. Wakiagizwa mikono, watachora mikono.

Nimeshaambiwa na ndugu yangu mmoja kwamba kilema cha mtu ni siri yake, si cha kuanikwa gazetini. Nakubali kwa asiyetaka. Dorothy alikubali, na hakuna aliyemlazimisha. Achorwe anayeridhia, aulizwe kwanza, alipwe kama modeli yeyote anavyolipwa, na chini ya mchoro liandikwe jina lake kamili na kazi aliyoifanya, siyo "mikono ya bibi mzee". Na mchoraji asinyooshe kidole cha mtu. Hapo ndipo nitakapogomba naye.

Mhariri, gazeti lako lina mchoraji wa katuni mwenye mkono mzuri, nimemfuatilia muda mrefu. Nakuomba umpe robo ukurasa ya toleo la Jumamosi, kila wiki achore jozi moja ya mikono. Aanze na fundi wa majahazi, au muuguzi wa wodi ya wazazi, au mtengeneza viungo bandia, yeyote ambaye kazi yake imekaa vidoleni. Mimi nimeshampata wa kwanza. Kuna mkunga mstaafu Muheza ambaye amezalisha nusu ya watu ninaowajua, na nimezungumza naye. Amekubali. Ila anaomba mchoraji aje kabla ya saa sita mchana, kwa sababu ikifika alasiri vidole vyake vinavimba, na aje siku isiyo ya gulio.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga