Malalamiko kuhusu Land Cruiser yangu inayotetemeka mbele, na matusi niliyopewa kwenye mapokezi yenu

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ndiye mwenye Land Cruiser pikapu nyeupe, modeli HZJ79 ya mwaka 2003, ambayo imeingia na kutoka kwenu mpaka mlinzi wa geti haniulizi tena nakwenda wapi. Garanti yenu ya matengenezo unaijua kuliko mimi, mmeibandika ukutani nyuma ya keshia, kwa hiyo sitakueleza inasema nini. Nataka tu kujua kama inawahusu wateja wote au akina mama mmetutoa.

Ugonjwa wa gari niliusema wazi tangu mwanzo. Ukiwa barabara ya Likasi, mwendo wa 65 hivi, tairi la mbele likikanyaga shimo, usukani unaanza kupiga kushoto na kulia mpaka mikono inashindwa kuushika. Ekseli nzima ya mbele inacheza, na haitulii mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama. Lami ikiwa safi, hakuna kitu. Nikamwomba kijana wa mapokezi ayaandike yote hayo kwenye karatasi ya kazi. Aliandika "mtetemo", akafunga kalamu.

Mkafanya ekilibraji, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu. Bwana Mkurugenzi, mimi nauza unga wa mahindi, lakini hata mimi najua kwamba gurudumu lisilo na usawa linatetemesha gari likifika mwendo fulani, barabara iwe nzuri au mbaya. Halingoji shimo. Langu lilikuwa likingoja shimo. Baadaye mkabadilisha amotiseri ya usukani, kile kifaa kinachotuliza mtikiso wake, mkaniambia imekwisha. Kwa muda kidogo kweli gari lilitulia, kwa sababu amotiseri mpya inaficha ulegevu uliopo. Haiuondoi. Mafundi wenu wanalijua hilo, au kama hawalijui, basi niambie nilikuwa nalipa nini. Halafu ikaja fakitire (bili) ya mwisho: "silambloki za baa ya Panhard, mbili, mpya," yaani mipira ya kwenye ncha za ule mtaimbo unaoizuia ekseli isihame kushoto na kulia. Zote pamoja ni dola 640, nimezilipa keshi, na risiti ninazo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Niliporudi kulalamika, shefu wenu wa atelye, mkubwa wa mafundi, hakufungua hata boneti. Alisimama kwenye mapokezi, watu wamejaa, akasema: "Mama, motokari haina mambo. Ni weye njo unatetemeka. Tafuta shofere mwanaume." Watu wakacheka. Kisha akamtuma stajeri, kijana anayejifunza kazi, ajaribu gari, na kijana akalizungusha uani, kutoka geti mpaka mahali pa kuoshea, kwa gia ya kwanza. Akashuka: "Iko muzuri." Ugonjwa wa mwendo wa 65 mmeutafuta kwa mwendo wa mtu anayetembea!

Na hapo nilikuwa natoka wapi? Sijakuambia. Nilikuwa natoka barabara ya Likasi, siku ile ile, gari limebeba unga, na mbele yangu lori la madini linakuja. Tairi likagonga ukingo wa lami uliovunjika, usukani ukaanza. Nilishika breki taratibu huku gari likitafuta upande wa lile lori, na dereva wake akapiga honi mpaka akanipita. Nilisimama kando ya barabara, nikashindwa kushuka. Ndiyo, mikono ilikuwa inatetemeka. Ya nani isingetetemeka? Kwa mikono hiyo ndiyo nilikuja kwenu, na mtu wenu akaiona, akapata kitu cha kuchekesha wateja.

Gari nililipeleka kwa fundi mzee wa Katuba, hapa hapa mjini. Hana mashine, hana ukuta wa kubandika garanti. Alinipandisha kwenye usukani, injini inawaka, magurudumu yote chini, akaniambia nizungushe kidogo kushoto na kulia, haraka haraka, nisisimame. Yeye akalala chini, mkono kwenye kila kiungo. Haikuchukua muda akaniita nishuke niangalie, mwanangu akashika usukani. Ncha ya baa ya Panhard, upande wa ekseli, ilikuwa inahama ndani ya tundu lake kabla magurudumu hayajageuka. Akaifungua. Silambloki "mpya" niliyowalipa ninyi ni ile ile ya zamani: mpira umepasuka mpaka kwenye chuma, na juu yake mmepaka rangi nyeusi. Rangi, Bwana Mkurugenzi.

Akainua mbele kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza. Mwanangu akakanyaga breki, likaendelea kucheza, na hapo mzee akasema ulegevu si wa rulma (beringi) za kitovu cha gurudumu, ni wa rulma za pivoti, pale gurudumu linapogeukia ukikata kona. Alizibadilisha, na silambloki pia, akarudisha vibati vyembamba vya kubana pivoti kimoja kimoja, na kila mara anavuta kwa mizani ndogo ya springi kupima ugumu wa kugeuka, mpaka akaridhika. Gari sasa linapita mashimo yale yale ya Likasi na usukani naushika kwa mkono mmoja. Kumbe si mikono yangu.

Narudia ya mapokezi, kwa sababu sikukueleza yote. Shefu wenu alikuwa na funguo zangu mkononi. Alipomaliza maneno yake ya shofere mwanaume hakunikabidhi. Alizitupa juu ya kaunta, zikateleza, zikaanguka upande wangu. Nikainama kuziokota mbele ya watu wote, mwanangu amesimama mlangoni. Mmoja wa waliocheka ananunua unga kwangu kila mwezi. Keshia wenu, dada mwenye heshima, alitazama chini. Hakuna aliyesema "pole, Mama." Katika mji huu hata mlevi wa mtaani humwita mwanamke wa umri wangu Mama na kumaanisha.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai pesa za silambloki tu. Sasa sitaki hizo tu. Nataka dola 640 zote, pamoja na nilichomlipa fundi wa Katuba, kwa sababu alifanya kazi mliyoiandika kwenye fakitire bila kuifanya. Nataka pia shefu wa atelye aniombe radhi, si kwa simu wala ofisini kwako, bali kwenye mapokezi yale yale, saa ambayo wateja wamejaa.

Nawapa siku 8. Zikipita, faili inakwenda Tribunali ya Biashara ya hapa Lubumbashi. Wakili wangu ameshanisomea kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba na wajibu ya mwaka 1888: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Mbele ya hakimu sitadai dola 640 tu. Nitadai pia siku ambazo unga wangu ulilala bila kufika Likasi, na nitaomba fundi yeyote aliyesomea aeleze nini kingetokea kama lile lori lingekuwa karibu zaidi.

Silambloki iliyopakwa rangi nimeifunga kwenye mfuko, picha zimepigwa kabla na baada ya kuifungua. Msimtume mtu kuja kuichukua.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu.

Mwenye Land Cruiser nyeupe
Nakala: kwa wakili wangu