YAH: MALALAMIKO KUHUSU KINGAMWILI YA PTEN MLIYOTUUZIA NA KAULI YA OFISA WENU

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sera ya kubadilisha bidhaa yenye kasoro mmeiandika wenyewe kwenye ankara zenu, kwa hiyo sitairudia. Naandika kwa sababu ofisa wenu wa kitaalamu, niliyempigia anisaidie, aliziba simu kwa mkono akamwambia mwenzake: "Ni wa mkoani huyo, mwache achoke mwenyewe." Mkono haukuziba vizuri. Nilisikia.

Nilichompigia ni hiki: loti mpya ya kingamwili ya polikloni ya sungura dhidi ya PTEN, yaani ile tunayoitumia kuishika protini hiyo ili tuione, haifai. PTEN ndiyo protini inayoizuia AKT, protini inayochochea seli kukua, isiwashwe ovyo ndani ya seli. Uzito wake kwa hesabu ni kilodaltoni 47, na kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito, bendi yake, yaani mstari wake, hukaa karibu na 54. Loti yenu ilitupa bendi nene karibu na 70, na pale kwenye 54 kivuli tu. Hata hilo ningelivumilia. Lakini bendi ileile na kivuli kilekile vimetokea pia kwenye seli za PC-3, zile za saratani ya tezi dume! Anayeuza kitendanishi hiki anapaswa kujua kwamba PC-3 zimepoteza jeni ya PTEN. Sasa kingamwili yenu inashika nini humo? Mabaki ya loti ya zamani tuliyajaribu siku hiyohiyo, sampuli zilezile, kingamwili ya pili, ile inayoifanya ya kwanza ionekane, ileile: seli za HeLa, ambazo PTEN wanayo, bendi moja safi, PC-3 patupu. Picha mnazo kwenye barua pepe.

Jibu nililopewa: "Mama, za polikloni ndivyo zilivyo." Sivyo. Ni kweli hutoka kwenye damu ya mnyama, na ukibadili sungura umebadili kingamwili. Ndiyo maana kila loti hupimwa kabla ya kuuzwa. Cheti cha upimaji wa loti hii sijakiona mpaka leo.

Na mzigo wenyewe ulifikaje? Hili lilipaswa kutangulia. Lebo inasema nyuzi 20 chini ya sifuri. Ninyi mliuweka kwenye buti la basi, ukapanda Kitonga, ukapita Makambako, ukashushwa stendi ya Nane Nane usiku bila mtu yeyote kutupigia simu. Tulipoufungua, pakiti za barafu zilikuwa maji, tena ya vuguvugu. Kama kasoro ni ya sungura au ya basi, si kazi yangu kuwachagulia.

Narudi kwenye ile simu, maana ndiyo inayoniuma. Nilikuwa nimeiweka spika, wanafunzi wangu wameizunguka meza, madaftari mkononi. Mmoja wao, ambaye tasnifu yake ya uzamili yote imesimama juu ya protini hii, alisogea akasema kwa adabu: "Shikamoo, tunaomba cheti cha loti." Ofisa wenu hakuitikia hata marahaba. Akaziba simu, akasema yale ya "wa mkoani", wakacheka na mwenzake, kisha akarudi hewani: "Ehe, mama, endelea." Binti alifunga daftari lake. Sampuli za uvimbe wa tezi dume alizozitumia kwenye loti hiyo hazipatikani tena.

Awali nilikusudia kuomba kichupa kingine tu. Sasa sikitaki. Nataka fedha yote pamoja na nauli ya mzigo, gharama za utando wa kuhamishia protini na kemikali tulizoteketeza, na barua ya kuomba radhi yenye saini yako wewe Meneja, siyo ya ofisa, ikimtaja mwanafunzi huyo kwa jina. Jina lake nitakupatia ukiwa tayari kuandika.

Natoa siku 14. Zikipita, kitengo chetu cha ununuzi kitapeleka jalada Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma kuomba mfungiwe zabuni, nakala itakwenda Tume ya Ushindani, na picha za bendi zenu nitazituma kwa kila maabara ninayoifahamu kuanzia Iringa mpaka Songwe.

Wako katika kazi,

Mtafiti Mwandamizi,
Maabara ya Baiolojia ya Seli,
Mbeya.

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi, Mwanasheria wa Taasisi.