Shoga, hilo kopo usilinunue kwanza

Shoga yangu kipenzi, mambo? Picha uliyonitumia ya kopo la vidonge vya kuchangamsha akili nimeiona, nikaikuza mpaka maandishi ya nyuma yakasomeka. Elfu themanini na tano yote hiyo halafu ndani ni ginkgo (dawa ya majani ya mti), vitamini B kidogo na kafeini miligramu 200, yaani kama vikombe viwili vya kahawa. Sasa we unayesomea mitihani ya uhasibu ya CPA usiku ukimeza saa mbili, ikifika saa saba karibu nusu ya hiyo kafeini bado iko mwilini, utalala saa ngapi na kesho kazini utakuwaje? Ginkgo nayo, kwa watu wazima wenye afya zao kama sisi, hakuna ushahidi wa maana kwamba inachangamsha akili.

Mi kinachonitia wasiwasi ni kingine. Ulivyoniambia unasoma mstari uleule mara tatu hauingii, na ngazi za ofisini unapanda umeshika reli, halafu najua siku zako zinavyokuwa nzito, na chai ya rangi hukosi kila mlo. Shoga, huo unaweza kuwa upungufu wa damu. Nenda kapime wingi wa damu (HB), kwa mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12 ni upungufu, ila waombe na feritini maana hiyo ndo akiba ya madini chuma, inaweza kuisha wakati HB bado inasoma vizuri na mtu akawa hoi kabisa. Na kwa vile nyama na samaki umeacha, ulizia na vitamini B12.

Wakikukuta una upungufu hapo ndo vidonge vina kazi, na vile vya damu vya kawaida ni bei rahisi sana. Meza na maji ya ndimu au chungwa, chai isogee mbali angalau saa nzima maana inazuia chuma kisiingie. Choo kikiwa cheusi usishtuke, tumbo likisumbua mwambie daktari, kuna wanaopewa siku moja ndiyo moja hapana na vinaingia vizuri tu. Ila usimeze bila kupima jamani, chuma kikizidi mwili hauna njia ya kukitoa.

Jumamosi nenda asubuhi, majibu yakitoka nitumie muda wowote, hata usiku we piga tu.

Nakupenda sana.