Ilmu ya Mola, baina ya Ibn Sina na Ghazali

Swahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini wanazuoni wakubwa wagombane juu ya sifa ya Ilmu, yaani kujua kwa Mola, hali kila mtoto wa chuoni anaihifadhi katika zile sifa Zake ishirini.

Kwamba Mola anajua, hakuna kati yao aliyelikana. Wameshindana katika namna gani. Muutazila wa Basra, kundi la wanazuoni walioitegemea sana akili, walichelea kuwa ukisema ana ilmu ya milele iliyo mbali na dhati Yake, yaani nafsi Yake hasa, umeshaweka wa milele wawili. Wafuasi wa mwanachuoni al-Ash'ari wakajibu kwamba sifa ipo kweli, si Yeye wala si ghairi Yake. Maibadhi wa Oman na Unguja wao husema sifa za dhati ndizo dhati.

Moto hasa uliwaka kwa mwanafalsafa Ibn Sina. Chukua mfano wake wa kupatwa kwa jua. Mtazamaji kwanza anajua litapatwa, kisha linapatwa, kisha lilipatwa. Ilmu yake inageuka kila hali inapogeuka. Mola hageuki. Lakini ajuaye mwendo wa jua na mwezi hulijua tukio hilo kwa sababu zake, bila kungoja kuliona. Basi, anasema Ibn Sina, Mola anavijua vitu vyote, kimoja kimoja, ila kwa njia ya jumla, wala hapana hata chembe inayomponyoka.

Mwanachuoni Ghazali hakuridhika. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, miongoni mwa mas'ala 20, hili ni la 13, tena ni moja kati ya matatu aliyoyatolea hukumu ya ukafiri. Kwa maneno yenu, anawaambia wanafalsafa, Zayd akitii au akiasi, Mola hana habari, maana Zayd ni mtu mmoja na vitendo vyake ni vya kupita. Nikifika hapo mwili hunisisimka. Anayeinua mikono usiku wa manane anataka asikiwe yeye, kwa shida yake ile ile, wala si kama mmoja wa jinsi ya binadamu. Jibu la Ghazali mwenyewe ni kuwa ilmu ni moja, haibadiliki, kinachobadilika ni mnasaba tu, yaani uhusiano wake na vitu: mtu akihama kutoka kuliani kwako kwenda kushotoni, kahama yeye, wewe uko pale pale.

Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba, aliyefariki 1198, kanikinaisha zaidi. Alisema wote wawili wanaipima ilmu ya Mola kwa ilmu yetu. Yetu huletwa na vitu. Yake ndiyo sababu ya vitu kuwapo, kwa hiyo haiitwi ya jumla wala ya mahsusi. Na ile hukumu ya ukafiri naiona nzito mno kwa Ibn Sina, mtu aliyekuwa akimtakasa Mola na mabadiliko.

Sasa nijibu hili: huo mnasaba wa Ghazali, unapobadilika, kweli hauigusi ilmu yenyewe? Wasalimie wote nyumbani.

Wako katika dua.